Suti ya Bandi: Maisha ya Fundi Kesho na Moyo Aliopewa Upya

Tumekusanyika kumzika fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Kabla ya kufariki aliagiza kwamba siku hii asivishwe kilemba cha ukoka. Agizo lake linaheshimiwa, na kwa nusu ya kwanza ya maisha yake si vigumu kuliheshimu, maana cha kusifu hakikuwepo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, katika chumba kilichotazamana na karakana ya reli. Alikuwa kitinda mimba wa mpiga pasi wa hoteli na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na walimu walimkumbuka kwa mwandiko mzuri na visingizio vizuri zaidi. Katika muhula mmoja alimfisha bibi yake mara tatu. Dada yake, tuliye naye hapa, anasema bibi alipopata habari za misiba yake alijifunga kanga, akaenda shuleni kwa miguu, akasimama mlangoni mwa darasa ili walimu waone kuwa bado anapumua.

Alijifunza ushonaji mwaka 1975, na mwaka 1981 akafungua kibanda chake nyuma ya soko. Mikono alikuwa nayo. Tabia ndiyo hakuwa nayo. Wateja aliwapunja kitambaa. Siku ya ahadi ikifika, alimtazama mtu machoni bila haya, akamwambia aje kesho, kisha akafunga mapema na kwenda kilabuni. Watu wa huruma rahisi walisema anakunywa kwa sababu ya machungu. Machungu gani? Alikunywa kwa sababu pombe ilikuwa karibu na kazi ilikuwa ngumu.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa kanisani na binti aliyeuza vifungo katika duka la jirani. Aliwashonea wasimamizi wote, nguo yake akaiweka kiporo, na hatimaye akaoa kwa koti la mpiga kinanda. Wageni walicheka. Bibi harusi hakucheka, na kwa miaka mingi iliyofuata hakupewa sababu ya kuanza.

Katika miaka hiyo marehemu aliokoka mara nyingi. Hema la mkutano wa injili likisimikwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda mbele, akilia kuliko mfiwa. Viti vilipokuwa vikikunjwa, alikuwa ameshafika kilabuni akiwasimulia wenzake alivyolia. Wokovu ule ulikuwa maigizo, na waliompigia makofi hawakuwa na macho.

Mwezi Juni 1998 mjane mmoja alimletea kitambaa cha suti ya kumzikia mumewe. Fundi alilewa siku zote mbili alizopewa. Asubuhi ya maziko aliipiga suti bandi, yaani uzi wa muda unaoshikilia nguo ikingoja cherehani, akaipiga pasi na kuitoa hivyo hivyo. Wakati wa kuaga, ndugu mmoja alimnyoosha maiti mkono, na mkono wote wa koti ukachomoka begani, mbele ya kanisa zima.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mjane, kichwani akiwa na uongo tayari: uzi mbovu, umeme kukatika. Mjane hakumtukana. Alimuuliza jambo moja tu, kama alijua.

"Nilijua, mama," fundi akasema. "Nilijiambia maiti hatanyanyua mkono."

"Basi huo ndio ukweli wako wa kwanza," mjane akamjibu. "Kampelekee Mungu huo. Machozi yako ameshayachoka."

Jumapili hiyo alikaa benchi la nyuma na hakwenda mbele. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alipiga magoti kati ya cherehani na ukuta akaomba moyo mwingine, kwa kuwa aliokuwa nao aliudharau kuliko sisi tulivyoudharau. Desemba aliteleza, akalewa. Safari hii hakumsingizia mtu. Alimwamsha mkewe akamwambia mwenyewe, kisha akarudi kwenye magoti. Tangu hapo hakuonja tena. Wateja aliwapa siku ya kweli hata ikiwa mbali, na wengi wakamhama, kwa kuwa uongo wa haraka ni mtamu. Wenzake wa kilabuni wakawa wanapita kibandani wakisema wokovu wa fundi nao ni wa bandi, uvute tu utaona.

Mwaka jana, mwezi Septemba, ini lake lilishindwa. Daktari hakumung'unya maneno: ni pombe ya zamani. Mungu alikuwa amemsamehe, ini halikusamehe. Maumivu yalipozidi, wale wenzake walikuja wodini na pombe ndani ya chupa ya maji ya matunda, wakaifungua, wakamsihi anywe apate nafuu, eti Mungu mwenyewe anaona anavyoumwa.

"Anaona," marehemu akasema. "Ndiyo maana siinywi."

Walitoka wakainywa wenyewe kwenye ngazi, marafiki wa kufa na kuzikana hao, na leo hatuwaoni hapa.

Mkewe alipoingia, harufu ilikuwa imejaa chumbani. Alisimama mlangoni, uso umemshuka. Marehemu aliona hofu yake, akajikongoja kuinua kichwa.

"Njoo uninuse mdomo, mama watoto."

Mkewe alivuta kiti, akaketi, akamshika mkono. "Sinusi, baba watoto. Nakuamini."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia neno hilo. Marehemu alifariki kesho yake, tarehe 3 Februari, saa moja asubuhi, akiwa na akili zake timamu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Bwana aliyembadilisha ampokee, na ampe pumziko la amani. Amina.