Mkono wa Benchi la Nyuma

Funga dirisha hilo, mama, binti yangu, kisha uje ukae upande huu, na wewe kaka yake mkubwa kaa upande ule, kitanda kiwe katikati yenu kama mlivyozoea kuniweka mimi katikati kanisani, maana leo nina maneno ya kuwaachia, wanangu, na sauti yangu haitatosha kuyarudia. Wala usinipe maji kila nikivuta pumzi, mimi siyo mche wa bustani.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, na hati yake anayo mchungaji. Karakana ya baba yenu, mliyoifanya sababu ya kutosalimiana tangu wewe mkubwa uuze randa na misumeno bila kumwambia dada yako, nayo ni yenu wote wawili, na asiyetaka kuingia humo na mwenzake asiingie kabisa. Ya mali yameisha. Sasa nisikilizeni la benchi.

Mabenchi yote ya kanisa letu aliyatengeneza baba yenu, na lile la mwisho, linalogusa ukuta, aliugua kabla hajalipiga msasa, akafa, na hakuna aliyethubutu kulimalizia. Watu hawalikalii. Husema linachana nguo, na kweli linachana, lakini mimi nimekaa mbele yake miaka yote hii, na nimeona hata wageni ambao hawajaambiwa neno wakilikwepa.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi yake, mchungaji aliposema tupeane amani, niligeuka nyuma kwa mazoea nikanyoosha mkono, na mkono ukapokelewa. Sikuona mtu. Niliona ukuta na benchi, lakini kiganja kilikuwa ndani ya kiganja changu, kikavu, chenye joto kama cha mtu aliyetoka kazini sasa hivi, na mahali pa kidole gumba palikuwa patupu, na nyinyi mnajua ni msumeno gani uliokichukua kidole kile cha baba yenu. Nikaketi ghafla, wengine wote wamesimama. Wewe mama ukadhani ni majonzi, ukanishika bega, ukaniuliza mbona kiganja changu kina unga wa mbao, nikakujibu kwamba nimeshika benchi. Sikuwa nimeshika benchi.

Tangu siku ile hakukosa. Mimi nami nikawa na uroho, nikataka zaidi. Siku moja katikati ya wiki nikaomba ufunguo, nikaketi mahali pangu peke yangu, nikasali ibada yote na kujiitikia mwenyewe, kisha nikageuka nikanyoosha mkono, na nikashika hewa. Nilingoja mpaka bega likaniuma. Jumapili iliyofuata kanisa likajaa, mtoto analia kule, kwaya imepotea sauti kama kawaida yake, muuza mkaa ananisukuma nimpishe, na mkono ukaja. Ndipo nikaelewa kwa nini tunaitwa tukusanyike, hali kila mtu ana magoti yake nyumbani na Mungu anamsikia. Kuna kitu hakimjii mtu mmoja hata awe mtakatifu. Huwajia watu waliobanana, wanaokanyagana viatu na kuwekeana vinyongo, wakapeana mikono hivyo hivyo.

Lakini nyinyi hampeani. Ikifika amani, wewe unanipa mimi mkono, na wewe unanipa mimi mkono, nimekuwa ukuta wenu. Jumapili iliyopita yule wa nyuma hakuniachia. Watu wote wameshaketi, mimi bado nimegeuka, mkono umeshikwa, na nyinyi mkatazamana mkidhani akili zimeniruka. Hiyo ndiyo mara pekee mliyotazamana mwaka huu. Nikajua naitwa.

Siogopi kufa, wanangu. Naogopa kuketi benchi lile, kunyoosha mkono kila Jumapili, na mbele yangu ni mahali patupu, kwa kuwa mmoja amehamia mabenchi ya mlango wa kushoto na mwingine ameacha kuja.

Basi mnizike na gauni langu la kanisani, na viatu vile vya zamani, vipya vitanibana. Benchi lile msiliguse kwa msasa. Ule mwanya nitakaouacha kati yenu msiuwekee mkoba. Sogeleaneni mpaka mabega yagusane. Na amani ikitajwa, kwanza nyinyi kwa nyinyi, ndipo mgeuke nyuma.

Mungu awalinde... awape watoto wenu... ngojeni, nipumzike kidogo.

Mnasikia harufu ya mbao? Tuko watatu humu. Kumbe tunatosha.

Usigeuke, mkubwa. Najua nani amesimama nyuma yako. Kwanza mpe dada yako mkono. Hapa, juu yangu... mpe. Na wewe mama, usiurudishe.

Ndiyo. Hivyo. Amani iwe kwenu.

Sasa geukeni.