Niandikie Sifuri, Kapita

Ndugu zangu, mchungaji amenipa dakika kumi, nami namshukuru, ila nawaambia mapema kwamba nitazipita. Kaeni vizuri. Wale mlionawa mikono kwenye ndoo pale mlangoni, mkauliza kwa nini koki mpya imefunikwa gunia, vumilieni. Gunia nimeliweka mimi, na litaondoka nikimaliza kusema.

Nimesimama kwa ajili ya hawa vijana wa benchi la mbele. Kesho wanaanza staji, yaani wanatoka shule za ufundi kwenda kujifunza kazini, kwa mafundi wenyewe. Nimewasikia wakinong'ona kwamba staji ni mapumziko. Mimi nami nilisema hivyo hivyo. Basi nisikilizeni, maana aibu ninayoileta hapa ni yangu, sikuiazima kwa jirani.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mshauri. Kazi yake ilikuwa kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja na kumsaidia kuchagua njia ya maisha. Wengine aliwauliza wanapenda nini. Mimi aliniuliza kitu gani nyumbani kinaniudhi kila siku. Nikamwambia, bomba kubwa la maji linapita mbele ya kiwanja chetu kule Masaka, na bado mama anabeba dumu kutoka bondeni. Akasema basi kajifunze kuyaingiza maji ndani. Ndivyo nilivyochagua ufundi bomba. Hapa kanisani kuna walionivuta pembeni, wakaniuliza mtoto wa kike na vyoo vya watu wapi na wapi. Wamo humu. Shangazi, usiangalie dari, sitakutaja.

Staji ya kwanza nilipelekwa Kinyinya, kwenye jengo la ghorofa tatu. Msimamizi wa mafundi, kapita kama tunavyowaita, alinitazama toka viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akanipa birika. Akasema kazi ya bomba iko na wenyewe, mimi nipike chai. Nikapika. Wiki ya kwanza nilikasirika, ya pili nikazoea, ya tatu nikaona ni raha. Nguo zangu zilibaki safi, hakuna aliyenifokea, wakaniita Mama Chai nami nikaitika. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, birika nilipewa, lakini raha niliitafuta mwenyewe.

Sasa, kila mwanafunzi wa staji ana daftari. Kila jioni unaandika ulichofanya siku hiyo, na msimamizi anatia sahihi. Langu lilikaa tupu miezi miwili. Siku mbili kabla ya kulirudisha shuleni nikaazima la mwenzangu wa jengo jingine, nikanakili neno kwa neno. Leo nimechomelea mabomba. Leo nimefunga sinki. Leo nimemaliza bafu tatu. Kapita akasaini kurasa zote kwa mkao mmoja, daftari likiwa juu ya goti, huku anakunywa chai yangu. Mwisho akaandika "Vizuri sana". Mama akaileta nakala ya ukurasa ule hapa kanisani, ikasomwa mbele yenu, mkasimama mkanipigia makofi. Mliupigia uongo makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Ukaja mtihani wa vitendo. Unapewa ukuta, mabomba ya plastiki na mashine ya kuyachomelea, na kazi yako ni moja tu, maji yatoke kwenye koki. Mashine ile sikuwahi kuishika. Bomba jembamba unalipasha moto kwa kuhesabu mpaka tano, basi, kisha unaliunga upesi. Mimi nani aliniambia kuna kuhesabu? Nililiacha mpaka likalainika sawasawa, nikadhani linaiva kama ugali. Plastiki ikayeyuka, ikaziba tundu kwa ndani. Kwa nje palipendeza kweli. Msahihishaji akafungua maji, koki ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Akalichukua daftari langu, akafunua, akasoma taratibu. Kisha akauliza, "Hizi bafu tatu ziko wapi, nikaoge?"

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Nikafeli. Mkuu wa shule akasema nihamie ushonaji. Nikajifungia nyumbani, na kanisani nikaacha kuja, maana niliona kila uso unasema tulikwambia. Mama aliibandua ile nakala ya "Vizuri sana" ukutani bila neno, akachukua dumu, akashuka bondeni. Nikamfuata na dumu langu. Tulipanda kile kilima pamoja.

Siku moja mwalimu mshauri akafika Masaka kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani amekuja kunibembeleza, nikajiandaa kukasirika. Akaketi juu ya dumu, akanikumbusha kwamba ukurasa wa mwisho wa daftari lile una sahihi mbili, ya kapita na yake. Na yeye Kinyinya hakuwahi kukanyaga. Alimpigia kapita simu, akaambiwa mtoto anafanya vizuri, akasaini. Mwalimu mzima, ndugu zangu, mbele ya mwanafunzi aliyefeli, alisema amekosa. Kisha akasema, "Langu nitalilipa kwa kuja kukukagua kila Alhamisi, popote utakapojifunza. Wewe lako utalilipaje?"

Nikamwambia ushonaji siendi, nataka kurudia staji. Akaenda akaniombea, shule ikakubali, ila kwa sharti kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, na bila sahihi ya msimamizi hakuna mtihani, hakuna cheti. Akataka kunitafutia mahali pengine. Nikakataa. Nikasema namtaka kapita yule yule. Mkiniita mkaidi, nitaitika.

Alikuwa kwenye jengo jingine, huko huko Kinyinya. Aliponiona akacheka, akasema Mama Chai amerudi, akanipa birika. Nililipokea kwa mikono miwili. Nikapika chai ya tangawizi ambayo hawajapata kuinywa. Jioni nikampelekea daftari: "Leo nimepika chai mara mbili na kuosha vikombe. Sikushika bomba." Akacheka, akasaini. Siku ya pili nikaandika yale yale. Akasaini, hakucheka. Siku ya tatu, Jumatano, akasoma mara mbili, akanirudishia, akasema maneno kama haya hayaendi shuleni. Nikamjibu kwamba ndiyo kazi aliyonipa, na kesho mwalimu anakuja kusoma. Mafundi wakaacha nyundo.

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Binti, ile ya kwanza nilikuandikia vizuri sana kwa huruma. Nilitaka ufaulu."

"Huruma yako ndiyo iliyonifelisha," nikamwambia. "Niandikie sifuri, kapita, au unifundishe. Chai nimeacha."

Angeweza kunifukuza pale pale. Cheti changu chote kilikuwa kwenye kalamu yake, na nilikuwa nimeshamwambia aniandikie sifuri. Badala yake akaweka kikombe chini, akachomeka mashine kwenye umeme, akanitia bomba mkononi. Akasema nihesabu, tena kwa sauti, kila mtu asikie. Nikahesabu moja mpaka tano, nikaunga. Likakaa upande. Akalikata, akanipa jingine.

Baadaye aliniambia kwamba yeye ufundi aliuiba kwa macho akiwa anabeba mchanga, hakuna mtu aliyewahi kumpa bomba mkononi. Alidhani kazi hupatikana hivyo. Wiki iliyofuata mwalimu alinikuta niko juu ya ngazi, na kapita mwenyewe anakoroga chai, maana tuliweka zamu. Chai yake ilikuwa sukari tupu, tukainywa hivyo hivyo.

Msidhani ukawa mteremko. Hili kovu la kidole ni la mashine ile. Kuna bafu nzima alinibomolesha nikaanza upya, huku akinifokea mpaka majirani wakatoka. Na daftari halikupata tena uongo. Siku nikiharibu aliandika "Ameharibu", akatia sahihi. Neno hilo nalipenda kuliko "Vizuri sana" zote nilizowahi kupewa.

Mtihani wa pili alikuja msahihishaji yule yule. Maji yakatoka. Hakunisifu. Alikunja mikono ya shati, akanawa mpaka kwenye viwiko, akauliza sabuni iko wapi.

Mama, asante kwa kunyamaza siku ile. Dumu lako leo linahifadhi maharagwe, kwa sababu koki iko jikoni na niliifunga kwa mikono hii. Mwalimu wangu, asante kwa kukiri. Kapita amenikataza nisimtaje, na Jumapili analala, lakini namshukuru kwa kila "Ameharibu".

Ninyi vijana, ukipika chai andika chai. Andika, upeleke isainiwe, kesho yake andika tena, mpaka aone aibu anayeisaini. Na ninyi wazazi, mtoto akileta karatasi nzuri, msiishie kuisoma. Mwambieni awaonyeshe mikono yake inajua nini.

Naona mmeanza kuinua mikono. Ishusheni. Makofi mlishanipa mara moja, ya bure, yakanigharimu mwaka. Ile koki ya mlangoni nimeifunga jana. Nimeijaribu, lakini msiamini neno langu. Twendeni nje wote. Shangazi, wewe ndiye utakayeifungua. Yakitoka maji, pigeni makofi mpaka Kinyinya wasikie. Yasipotoka, niandikieni sifuri.