Mama Mashada na Waridi Sitini za Karatasi

Ndugu waombolezaji, mbele yenu amelala dada yetu, aliyejulikana mtaani kote kwa jina la Mama Mashada, binti wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mshonaji, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Alianza shule Januari 1966, akaongoza darasa hadi la saba, lakini baba akasema karo ni ya kaka zake, basi mwaka 1974 akaajiriwa kufagia ofisi, na huko akawa anaokota tishu za mezani zilizobaki kwenye sherehe, anazikunja kwenda na kurudi, anazifunga uzi katikati, anazifumua tabaka moja moja mpaka zinakuwa waridi, kisha anazibandika kwa gundi ya unga kwenye duara la boksi.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na seremala wa majeneza, wakajaliwa binti na mvulana, naye akawatengenezea mashada wafiwa wasioweza kununua maua.

Binti huyo, akiwa na miaka sita, alifariki kwa homa tarehe 2 Mei 1989, na siku ya mazishi mama mtu alikaa sakafuni tangu asubuhi akimkunjia shada jeupe la waridi sitini, akaliacha karakanani kwa mumewe akaenda kuoga, aliporudi hakulikuta, mumewe alikuwa amelitoa kwa mteja aliyechukua jeneza la bei kubwa.

"Usinune, mke wangu," alisema huku akipiga randa, "utatengeneza lingine, karatasi ziko tele."

Muda haukutosha, mtoto akashuka kaburini bila hata ua moja.

Waliishi pamoja miaka ishirini na tatu zaidi, dada hakununa wala hakugomba, alipika, alifua, alipamba kila jeneza lililotoka karakana, na mumewe alipofariki tarehe 19 Oktoba 2012, mwanawe akamwambia, "Mama, tunasubiri shada la baba," naye, akiwa ameketi katikati ya maboksi ya tishu yaliyofika dirishani, akajibu, "Karatasi zimeisha."

Kijana alihama wiki ile ile, hakumsemesha tena mama yake.

Februari 2021 dada alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, akalazwa miezi minne, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliinua shingo, nasi tukampigia mwanawe simu mara kumi na moja, akapokea mara moja tu, akasema, "Mwambieni sina nafasi," tukalifikisha neno kama lilivyo, Mungu atusamehe, dada akageukia ukutani, akafariki tarehe 3 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomwosha na kumlisha, na wafagiaji wenzake waliokuja na sare zao, na mwanawe pia yuko hapa, mstari wa mbele, aliisoma historia hii jana, akatuomba tusiruke hata neno.

Lala salama, dada, hakuna atakayekuomba kitu tena.