Kadi Aliyokatia Mifuko

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Chapuchapu, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya bati nyuma ya ghala la mbolea alikokuwa mlinzi baba yake. Mama mzazi alikuwa akisema mtoto huyu hakungoja hata mkunga avue viatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akamaliza darasa la saba. Kila mwaka ripoti ilikuja na maneno yale yale: ana akili, ila hatulii. Baba alipomwuliza, alijibu, “Mimi natulia, baba. Miguu ndiyo haitaki.”

Mwaka 1976 alijifunza cherehani, na 1980 akafungua kibanda karibu na lango la shule, akashona sare miaka arobaini na mmoja. Karatasi ya vipimo hakununua. Kadi yoyote ngumu iliyopita mbele yake, ya harusi au ya kalenda, ilikutana na mkasi ikawa kipimo cha kola.

Tarehe 4 Desemba 1982 aliolewa na fundi seremala aliyemtengenezea meza ya kukatia, kisha akarudi mara tano kukaza miguu ya meza isiyolegea. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mume alitangulia mwaka 2009.

Mei 2018 wauguzi walikuja kuwapima wanawake wa mtaa. Alipakwa siki kwenye mlango wa kizazi, muuguzi akaona weupe, dalili isiyo nzuri, akamwandikia kadi: arudi baada ya wiki mbili, weupe ule utibiwe kabla haujageuka saratani.

“Nitakwenda, dada,” alimwambia dada yake mkubwa. “Nimalize sare kwanza.”

“Haya, maliza,” dada yake akamjibu. Jibu hilo mpaka leo halimpi dada yake usingizi.

Kadi ilikuwa ngumu, safi. Akaikata ikawa kipimo cha mfuko wa shati. Miaka mitatu aliizungushia chaki, maandishi yakiwa yamelala chini. Oktoba 2021, damu ilipoanza kumtoka, ndipo alipoigeuza akasoma.

Daktari alieleza kwamba saratani hiyo huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, kinachopita baina ya watu wanapokutana kimwili. Wengi wetu hukipata na mwili ukakifukuza bila sisi kujua. Kwake kilijificha miaka mingi. Mtaani hawakungoja maelezo hayo. Walikuwa wameshaanza kunong’ona habari za wanaume.

Mwanawe akaja wodini, hakai, hasimami, akamgeukia dada ya mama yake. “Mama mkubwa, siku ikifika, kwenye wasifu wake andika tu ‘aliugua kwa muda mrefu.’ Watu watasema nini?”

Marehemu alikuwa kitandani, vidole vinakunja na kukunjua pindo la shuka kama vile kuna mteja anasubiri. “Watasema! Si wana midomo? Baba yako nilimjua, na mimi najijua. Dada, gonjwa hili litaje kwa jina lake. Na wewe, ile karatasi ya kuruhusu wanao wachanjwe dhidi ya kirusi hiki, uliyoletewa kutoka shule, iko wapi?”

“Iko juu ya kabati, mama. Nitaijaza.”

“Hata mimi nilisema nitakwenda.”

Aliulizia karatasi hiyo kila siku ya kutazama wagonjwa. Karatasi ikabaki juu ya kabati. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha dada mmoja, mtoto mmoja, mkwe mmoja, na wajukuu wawili wa kike, wa miaka kumi na miwili na kumi. Alhamisi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, baba yao aliingia chumbani, akapapasa juu ya kabati, akawashika mikono wanawe na kutoka nao bila kuaga. Walirudi kutoka zahanati, kila mmoja na pamba ya sindano mkononi, mdogo analalamika kwamba dada yake hakulia.

“Mama mkubwa,” mwanaume yule akasema, “litaje.”

Basi limetajwa: saratani ya mlango wa kizazi.

Chapuchapu, ameijaza. Sasa tulia, mdogo wangu. Mungu akulaze kwa amani.