Kipande cha Kalenda Kilichofunika Onyo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana, maana leo anasifiwa na mpumbavu aliyemwibia mwalimu wake kwa kipande cha kalenda ya mwaka uliopita, akadhani ameiba jina tu.

Wengi mnanijua. Ni Baba Neema wa Shirimatunda, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo yake naomba tuyaache yalale. Sipendi kutoka nyumbani. Karakana yangu iko hatua kumi kutoka jikoni, na hata hizo naona ni nyingi. Jirani yangu Mama Ndeshi husema mimi ni kuku wa mayai: nikitolewa bandani, naugua. Nilikuwa nacheka. Uvivu huo ulikuja kunitoa machozi.

Ufundi nilijifunza Machame kwa mzee tuliyemwita Mwalimu Kandaeli, katika banda la bati kando ya zizi la ng'ombe wake. Mwisho wa mafunzo alimpa kila mmoja kitabu alichokitunga na kukipiga chapa mwenyewe. Chini ya kila ukurasa aliweka onyo la hatari, na chini ya onyo jina lake na maneno haya: "Anayetaka kunakili aje kwangu kwanza." Tulimcheka! Tukasema mzee mchoyo, analinda karatasi kama shamba la kihamba la babu yake.

Kisha ukaja ule wakati wa viwanda kuuzwa na watu kupunguzwa kazi. Kahawa nayo haina bei. Wanaume wazima wakarudi nyumbani kutafuta ufundi wa mikono, wakanijia mimi. Wakaanza kuniita Mwalimu. Ndugu zangu, jina hilo ni tamu! Nikaona haifai Mwalimu agawe kitabu chenye jina la mwalimu mwingine.

Basi nikaenda mjini kwenye fotokopi. Nikakata kipande cha kalenda, upana wa vidole vitatu, nikakilaza chini ya kila ukurasa kufunika jina. Kidole kimoja kingetosha. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani, na mkono wa mwizi haupimi. Juu nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Nakala kumi na moja! Sikusoma hata moja. Nisome nini, na mimi ndiye mtunzi?

Ya kwanza nikampa Eliamani wa Kiboriloni, rafiki yangu tangu shule, naye alikuwa amepunguzwa kiwandani. Alikuwa amepata mashine ya kuchomelea ya mtumba. Mara mbili aliniomba niende nikamwonyeshe kazi. Mara mbili nikamjibu, "Soma, kila kitu kimo."

Kila kitu kimo!

Mchana mmoja mteja alimletea pipa linalovuja. Lilikuwa la petroli, limekauka siku nyingi. Eliamani akafungua ukurasa wa kuziba mapipa, akafuata: kwangua kutu, weka alama, chomelea. Pipa likalipuka. Hakufa, lakini uso uliungua na macho yote mawili yakapotea.

Nilimkuta hospitali amefungwa bandeji, mikono juu ya shuka. Aliijua sauti yangu. "Mwalimu, nisamehe," akasema. "Nilisoma karatasi zako neno kwa neno. Sijui nilikosea wapi."

Nikamwambia apumzike.

Nyumbani nikatoa kitabu cha Mwalimu Kandaeli chini ya godoro. Ukurasa wa mapipa, mwisho kabisa: "Pipa lililobeba petroli, hata likikauka, mvuke umo. Lijaze maji kabla ya kuchomelea." Nikapima kwa vidole. Jina, kidole kimoja. Onyo, viwili.

Ndugu zangu, msidhani nilipiga magoti. Nilikaa kimya wiki nzima na nyingine juu yake. Nikajiambia, nani atajua? Eliamani hawezi tena kusoma. Niliwaza hivyo nikiwa na akili zangu timamu! Lakini nakala kumi zilikuwa bado mikononi mwa watu, na mapipa hayaishi. Tairi likipasuka barabarani, nilikuwa nashika ukuta.

Jumapili moja tukaombwa kumwombea Eliamani, "ndugu yetu aliyekosea kazini." Nikaitikia amina, tena kwa sauti. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, nikaiogopa. Hapo Bwana alinishika!

Nikaenda kwenye ua wa mpaka kati yangu na Mama Ndeshi, nikakata jani la sale. Kwetu mtu akikuletea jani hilo kuomba radhi, huwezi kumfukuza. Nikalifunga kwenye gazeti watu wasilione, shujaa mimi, nikapanda Machame.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hilo gazeti linasomwa au lina kitu?"

Nikalifungua, nikasema yote. Mzee akaenda kumtupia ng'ombe wake majani, akarudi.

"Ungeniomba ningekupa nakala hata mia," akasema. "Sikuandika 'aje kwangu' kwa uchoyo. Nilitaka nimwonyeshe kila mmoja kwa mkono kabla hajaondoka nazo. Karatasi haimwoni mtu akikosea, ikamzuia." Akanirudishia jani. "Mimi umeniibia jina, nimesamehe. Hili lipeleke kwa uliyemwibia macho."

Nikateremka mpaka Kiboriloni. Nikaliweka jani mikononi mwa Eliamani. Akalipapasa kutoka chini hadi ncha, akalijua. Nikamweleza kila kitu, hata kile kipande cha kalenda. Mke wake akatoka nje. Hajanisalimia tangu siku hiyo. Eliamani akasema, "Kumbe sikukosea."

Hakusema amenisamehe. Lakini jani hakulirudisha.

Mwalimu Kandaeli aliniruhusu kunakili kitabu kizima, jina lake mahali pake na onyo mahali pake, kwa sharti kila fundi apande akakae naye kwanza. Nimezunguka nyumba kwa nyumba, mimi kuku wa mayai! Nakala tisa nimezichoma kwa mkono wangu. Moja sijaipata. Ndugu yangu uliye nayo, ukiona karatasi za ufundi zenye jina langu juu, usishike mashine. Niletee. Sitakuuliza lolote.

Namshukuru Mungu, amenitoa katika uongo ambao ungenizika nikiwa hai. Na wewe uliyefunika kitu, kifunue leo, usisubiri kilipuke. Mtegemee Bwana, aibu yako atakusaidia kuibeba!

Asubuhi ya leo nilikuwa nafunga tai, nimejiandaa kuja kuwaambia haya. Mama Ndeshi akanichungulia juu ya masale ya mpakani, akaitazama ile tai, akasema: "Kuokoka umeokoka, Baba Neema, tumesikia. Lakini Eliamani bado haoni, na ng'ombe wake hajakatiwa majani tangu juzi. Ukimaliza kushuhudia, pitia panga lako."