Mama wa Kukodi

Zima hiyo televisheni, Wendell, sitaki kumsikia mjomba wako leo, nimemsikia miaka sitini na inatosha. Na wewe Lorene weka chini hicho kikombe uketi hapa kitandani, usiogope mguu wangu, hauumi tena. Sikilizeni wanangu, nyote wawili, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema jambo moja, na jambo lenyewe linanitia kichefuchefu tangu mwaka wa arobaini na saba.

Mnajua kwamba Pruitt na kamati yake ya makumbusho wanaitaka nyumba hii. Lile duka kuukuu la zana za shamba walimo sasa limewabana, wanataka kuyahamishia makumbusho yao humu ndani, zile kofia, zile buti, ule mlango wa gari aliloendesha kwenye filamu sijui gani, waviweke katika vyumba alimozaliwa kaka yangu Delbert Stuckey, ambaye dunia nzima inamwita Dale Harrow. Wendell, wewe umeshawakubalia, usinitazame hivyo, Corley ni mji mdogo na hata mgonjwa hupata habari. Nami sikatai moja kwa moja. Ila kwanza mjue ni kitu gani wanachokuja kukitundika ukutani kwetu.

Ile picha kubwa ya mlangoni pa makumbusho mnaijua. Del ameketi mezani, jikoni humu humu, ameshika uma, na nyuma yake amesimama mwanamke mwenye mvi nzuri na shingo laini, kamwekea mkono begani, na mbele yao pai ya matofaa. Chini wameandika: Dale na mama yake, nyumbani. Yule si mama yetu. Ni mwigizaji, aliletwa kwa treni kutoka Chicago, na hata jina lake silijui.

Bibi yenu hamkumjua, alikufa Lorene akiwa bado anatambaa. Alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni mkubwa kama ngumi, meno ya mbele hakuwa nayo, na mikono ilibabuka kwa magadi kwa sababu alifulia nusu ya mji huu ili Del apate nauli ya kwenda huko California. Siku walipokuja watu wa studio ya filamu na mataa yao kumpiga Del picha, Mama aliamka alfajiri, akaoka pai, akavaa gauni la kanisani, akakaa mezani kumngoja mwanawe. Bwana mmoja wa studio akamtazama, akamgeukia Del, akasema mbele yake, kana kwamba anasemea kiti, "Huyu hapana. Shingo hiyo itawakimbiza watu." Na kaka yangu, mwanamume anayepiga majambazi kumi katika kila filamu, akainamisha kichwa akasema, "Mama, ni picha tu. Dakika kumi. Subiri kule kwenye kibanda cha kufulia." Ptuu!

Mama hakugomba. Alivua aproni yake akanipa mimi. "Mvalishe yule bibi, Verna, asije akachafua nguo zake za watu." Nami nikamvalisha, nikamfunga kamba mgongoni, nikamchana nywele, nikamwambia amependeza. Nilikuwa na miaka thelathini, sikuwa mtoto, nilijua ninachofanya. Nilitaka na mimi nitokee kwenye picha. Wakanikata, mkitazama vizuri mtauona mkono wangu pembeni.

Na msidanganywe kwamba Corley hawakujua. Mji mzima ulikuwa kwenye uzio unachungulia. Yale mapazia ya maua mnayoyaona pichani ni ya mama yake Pruitt, aliyaleta mwenyewe mbio mbio, kwa sababu ya kwetu yalikuwa magunia ya unga. Walijua wote, wakanyamaza wote, na waliozaliwa baadaye wakafundishwa shuleni kwamba yule ndiye mama.

Sasa hili ndilo linalonikaba. Del alikula kipande kimoja cha pai mbele ya kamera, amefumba macho kwa utamu. Mataa yalipozimwa akatoa hanchifu akaitema yote humo, kwa sababu studio ilimkataza kunenepa, akaitupa kwenye kapu la nguo chafu, akapanda gari. Na mfuaji wa nyumba hii alikuwa nani? Jioni nilimkuta Mama kibandani ameikunjua ile hanchifu, anaitazama. Akaniuliza, "Verna, sukari ilipungua?" Hivyo tu. Sikumjibu, niliona haya. Akaifua, akaipiga pasi, akampelekea kwa posta.

Nipe maji, Wendell. Si glasi, kijiko tu. Basi, basi.

Mwaka walipofungua makumbusho nilimwendea Pruitt nikamwambia aiteremshe ile picha. Akacheka. "Bi Verna, watu wanaendesha gari siku mbili kuja kumwona mama yake Dale. Wewe unataka niwaonyeshe rovu?" Kisha, ili ninyamaze, akanipa kiti cha mwamuzi. Kazi yenyewe mnaijua. Kila Septemba, Siku ya Dale, wanawake wa mji huu wanajipaka unga kwenye nywele, wanavaa aproni, wanabeba pai na kupita jukwaani mmoja mmoja, na anayefanana zaidi na Mama wa Dale anavishwa utepe. Mwamuzi ni dada wa Dale. Miaka kumi na moja nimekaa pale na ua kifuani, nikiwapima watu wazima kwa sura ya mama wa kukodi, nikipigwa picha na meya. Nilipenda kukaa mbele. Msidhani kinyaa changu ni cha Del na Pruitt peke yao. Kilicho kikubwa zaidi ni cha nafsi yangu mimi.

Basi fanyeni hivi. Chini ya kitanda hiki kuna kopo la vifungo, na ndani yake picha ndogo. Ni Mama kwenye maonyesho ya kilimo, ameshika pai iliyoshinda, rovu lake hilo, anacheka bila meno. Hana nyingine. Mpelekeeni Pruitt mkamwambie nyumba ataipata siku ile picha kubwa itakaposhuka na hii ndogo itakapopanda mahali pake, na chini iandikwe: Hester Stuckey, mama yake Delbert, mfuaji. Akikataa, nyumba ni ya Lorene, na kamati isikanyage kizingiti. Wendell, wewe una shamba la baba yako, usigombane na dada yako kwa hili. Niahidi. Kwa sauti, nisikie. Haya. Mungu akulinde mwanangu, akuzeeshe salama na watoto wako wakutazame bila haya. Mimi nizikeni miguuni pa Mama, si kando ya kaburi la Del na marumaru yake.

Lorene. Sogea, sauti inaniishia. Kila mwaka ulipanda jukwaani. Ulijipaka unga, ukajifunga skafu, kama hiyo uliyovaa sasa, kuficha hiyo taya. Na kila mwaka ulitoka wa mwisho, wakakutania, "Lorene, wewe labda mama wa farasi wa Dale!" nawe ukacheka nao, nikakusikia unalia garini. Alama zile niliziandika mimi. Taya hiyo ni ya Mama, Lorene. Macho hayo ni yake. Kati ya wote waliopita pale wewe peke yako ulifanana naye, na mimi niliyejua nikakupa sifuri, miaka kumi na moja, ili Pruitt asininyang'anye kiti. Nisamehe. Mungu akubariki... akubariki uso huo na wote watakaourithi.

Fungua hiyo skafu. Geukia dirishani, nikuone.

Haikupungua, Mama. Sukari ilitosha.