Alama Zisizo Zetu

"Mgeni rasmi, ambaye ni ofisa elimu wetu, mwalimu mkuu, walimu na wazazi wetu: sisi wanafunzi wa kidato cha nne tunawakaribisha kwa mikono miwili."

Sauti ya dada mkuu ilitetemeka, na jamani, nani asingetetemeka? Risala iliyopitishwa na mwalimu mkuu alikuwa ameikunja na kuificha ndani ya soksi. Aliyoishika ni nyingine, iliyoandikwa na darasa zima jana yake mchana, kwa sababu Jumatatu kikaoni ofisa huyuhuyu angeamua kama mwalimu wao wa hesabu abaki au afukuzwe kazi.

"Historia fupi. Mgeni rasmi, tuko arobaini na wawili. Mwaka juzi tulikuwa wa mwisho kwa hesabu, hata madarasa ya chini yakatutania kwamba hatuwezi kugawana mkate."

Wazazi wakacheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, maana hadi hapo maneno yalifanana na yale aliyoyapitisha.

"Mafanikio. Muhula uliopita wastani wetu wa hesabu ulipanda hadi tisini na tatu."

Makofi! Mama mmoja akapiga kigelegele. Dada mkuu akangoja yaishe. Maskini, alitamani angeamka na homa siku hiyo.

"Changamoto. Mgeni rasmi, hiyo tisini na tatu si yetu."

Mwalimu mkuu akainua kichwa.

"Alama zile zilitokana na kazi za nyumbani. Tulipiga picha maswali, tukaipa programu ya akili mnemba kwenye simu, tukanakili majibu. Tulinakili bila hata kusoma, mpaka siku moja madaftari arobaini na mawili yakaishia na sentensi ileile: 'Je, ungependa nikueleze kwa njia rahisi zaidi?' Mwalimu wetu hakutuchapa. Alitukabidhi chaki, mmoja mmoja, akasema: 'Mweleze mwenzako.' Hakuna aliyeweza. Si kwamba tulisahau, mheshimiwa. Hatukuwahi kufikiri. Mkono uliandika, kichwa kilikuwa likizo."

"Binti!" mwalimu mkuu alinong'ona kwa ukali. "Hiyo siyo risala!"

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaendelea.

"Mwalimu wetu akatutungia mtihani bila simu. Tukapata wastani wa kumi na tisa. Wazazi wetu mkaandika barua kwamba mwalimu ameharibu watoto na afukuzwe, na sisi tuliojua ukweli tukafyata ulimi. Tuliogopa. Leo tunaona aibu.

"Maombi. Programu hatuilaumu. Anayeiuliza ili aelewe, inamsaidia. Sisi tuliiuliza ili tumalize. Tunaomba jambo moja tu: mwalimu wetu asifukuzwe kwa kosa letu. Mungu akubariki, akupe moyo wa kupima haki. Ni sisi, wanafunzi wa kidato cha nne."

Risala ikishasomwa, hukabidhiwa mgeni kwa mikono miwili huku picha zikipigwa. Siku hiyo hakuna aliyepiga picha. Ofisa aliigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Haina sahihi," alisema. "Siwezi kupeleka kwenye kikao maneno ya watu nisiowajua. Waliokubali wasaini. Ila mjue, atakayesaini alama zake za muhula ule zinafutwa, nazo ni alama zinazoingia kwenye hesabu ya cheti."

Lo! Dada mkuu alikuwa na tisini na nane, na mama yake alishatangaza mtaa mzima. Akainama mezani, akaandika jina lake, mwandiko ukienda upande. Hakuthubutu kugeuka. Nyuma yake hakuna aliyeinuka, na machozi yakaanza kumlengalenga.

Halafu benchi likakwaruza sakafu, na jingine, na jingine. Wa kwanza kufika mezani alikuwa kijana wanayemwita Bingwa, aliyepata mia kamili muhula ule.

"Sogea basi, dada mkuu," alisema. "Umesoma 'sisi' ukumbi mzima ukisikia, sasa mbona unataka kusaini peke yako?"